Mazishi ni Haki ya Nani?

Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, katikati ya vilima viwili vya miamba, kuna kaburi lililojengwa kabla Ibrahimu hajanunua pango la Makpela. Mahali hapo panaitwa Lothagam. Kuna jukwaa la duara la mawe, upana wake kama mita 30, na juu yake nguzo za mawe zilizosimamishwa kwa mikono ya watu. Hakuna maandishi wala jina la mtu hata mmoja. Chini ya mawe hayo, kwa makadirio ya wanaakiolojia waliopachimba, wamelala watu wasiopungua 580.

Habari za Lothagam zilitufikia darasani. Tulikuwa tukifundisha maadili ya Kikristo, na siku hiyo somo lilikuwa marudi ya kanisa: nani azikwe na kanisa, na nani aachwe azikwe na ndugu zake tu. Mjadala ulipamba moto. Wanafunzi wa mwaka wa tatu hupenda sheria kuliko hata wazee wa kanisa wanavyozipenda, na wengi walisema kwamba kanisa likimzika kila mtu sawasawa, basi ushirika hauna maana. Ndipo akasimama mwanafunzi mmoja aliyekulia upande wa Lodwar, kijana wa maneno machache, akasema, "Mwalimu, kwetu kuna kaburi la watu waliokufa kabla Musa hajapewa amri kumi, na humo hakuna aliyebaguliwa." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza pia habari za nguzo nyingine za mawe zilizo njiani kuelekea Kalokol, mahali panapoitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba nguzo zile zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa kuwa mawe. Mpita njia huokota kijiwe akakiweka juu ya nguzo, kisha akaendelea na safari yake.

Usiku ule tulitafuta na kusoma, na tangu hapo kaburi lile halijatutoka moyoni. Tutaeleza kwanza lilivyo, ndipo tuseme kwa nini.

Miaka 5000 iliyopita mvua zilikuwa zikipungua katika sehemu kubwa ya Afrika. Sahara, iliyokuwa na nyasi na maziwa, ilikauka, na wafugaji wakasogea kusini na mashariki na ng'ombe, kondoo na mbuzi wao. Ziwa Turkana nalo lilikuwa likishuka, na maji yalirudi nyuma yakaacha fukwe tupu. Wavuvi waliozoea ziwa kubwa waliliona likiwakimbia, na wageni wenye mifugo wakafika katika nchi isiyotabirika. Ni katika wakati huo wa mashaka, ambapo mtu angedhani kila ukoo ungeangalia tumbo lake, watu hao walipokutana na kujenga makaburi makubwa ya pamoja kuzunguka ziwa. La Lothagam ni mojawapo.

Walichimba shimo kubwa katika mchanga wa ufuko wa zamani, eneo la kama mita za mraba 120, wakashuka hadi kwenye mwamba. Kingo zake wakazizuia kwa vibamba vya mawe ya mchanga. Humo wakazika watu wao kwa karne kadhaa, kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita, wakiwaweka karibu karibu mpaka shimo likajaa. Kisha wakalifunika kwa mawe, wakasawazisha, wakatandaza juu vijiwe vya volkano, na wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa karibu kilomita moja. Aliyewahi kushiriki ujenzi wa kanisa la mtaani kwa kubeba mawe begani anajua kilomita moja ni nini.

Uchunguzi uliongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook cha Marekani pamoja na wenzake, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Hawakulifukua kaburi lote. Walipima ukubwa wa shimo kwa mitambo ya rada inayoona chini ya ardhi, wakachimba sehemu ndogo, wakahesabu waliowakuta, ndipo wakakadiria jumla. Na walichokikuta ndicho alichokuwa akikisema mwanafunzi wetu. Mlikuwa na watoto wachanga, watoto wakubwa, wanawake, wanaume na wazee, wote katika shimo lile lile. Hapakuwa na kona ya wakubwa, wala mtu aliyelazwa kwa heshima iliyowapita wengine. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za ganda la yai la mbuni, vito vya mawe ya rangi, pete zilizochongwa kwa jino la kiboko. Mmoja alikuwa na vazi la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa nyikani, kila jino limetobolewa. Hebu tufikiri ni mikono mingapi, na jioni ngapi, za kutoboa meno ya panya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuwa mfalme.

Jambo hili liliwashangaza wataalamu kwa sababu kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba jengo kubwa la mawe ni alama ya utawala. Penye mnara, walisema, tafuta mfalme aliyeamuru na watumwa waliobeba. Na mifano ipo. Huko Ireland kuna kaburi la Newgrange, lililojengwa miaka kama 3200 kabla ya Kristo, wakati usio mbali sana na ule wa Lothagam. Ni kilima cha mawe na udongo chenye upana wa zaidi ya mita 80, na njia ya ndani imeelekezwa hivi kwamba jua linapochomoza katika siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Desemba, mwanga wake huingia hadi chumba cha ndani kabisa. Ajabu tupu. Lakini mifupa iliyokutwa humo ni ya watu wachache mno, na mwaka 2020 wachunguzi wa vinasaba walitangaza kwamba mwanamume mmoja kati yao alizaliwa na wazazi waliokuwa ndugu wa karibu kabisa, kaka na dada au mzazi na mwanawe. Jambo hilo katika historia limeonekana hasa katika koo za kifalme zilizojiona sawa na miungu, na hivyo wachunguzi wakasema huenda humo alilala mtu wa ukoo wa watawala. Jasho lilikuwa la wengi, na jua likawaangazia wachache.

Tusidanganyane, hata hivyo. Hatusemi watu wa Lothagam walikuwa malaika. Bila shaka waligombania visima, na yamkini waliolala bega kwa bega shimoni hawakusalimiana walipokuwa hai. Mifupa haisimulii imani wala magomvi. Inachosema ni kwamba, lilipofika suala la kuzika, watu hawa hawakupanga wafu wao kwa madaraja, na waliendelea hivyo kwa muda mrefu kuliko umri wa madhehebu yetu.

Wanafunzi waliuliza pia kama ilikuwa halali kulifungua kaburi hilo. Ni swali la haki, hasa kwetu tunaokaa chini ya Mlima Kilimanjaro. Wakati wa utawala wa Wajerumani mafuvu ya babu zetu yalichukuliwa na kupelekwa Ulaya, yakapimwa ili kuonyesha kwamba watu wana ngazi, wa juu na wa chini. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba kwa kipimo cha vinasaba yamepata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya watu hao. Kuchimba kwa ruhusa ya wenye nchi, kwa sehemu ndogo na kwa heshima, si sawa na wizi ule. Hata hivyo, kila anayefungua kaburi anapaswa kujua kwamba amegusa kitu alichokabidhiwa mtu mwingine akilinde. Tunaliacha hapo, kwa sababu swali lililotukosesha usingizi lilikuwa jingine. Lilihusu kaburi ambalo sisi wenyewe tulikataa kulisimamia.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu kubarikiwa kuwa mchungaji, katika usharika wa mlimani. Alfajiri moja bibi mmoja alikuja nyumbani kwetu, khanga imefungwa kiunoni, miguu imelowa umande. "Baba Mchungaji," alisema, "tumefiwa. Yule mtoto wa binti yangu." Tulimpa pole. Akauliza, "Kengele itapigwa saa ngapi?"

Mtoto alikuwa wa miezi minne. Hakuwa amebatizwa, na sababu tuliijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwetu. Mama yake alizaa bila ndoa. Kwa utaratibu wa usharika ule, alitakiwa kwanza ahudhurie mafundisho, kisha asimame mbele ya usharika siku ya Jumapili apokelewe tena kundini, ndipo mtoto wake abatizwe. Binti alitii. Mafundisho aliyamaliza. Tarehe ilikuwa imeandikwa, zimebaki Jumapili mbili. Homa haikusubiri.

Tulimwambia bibi kwamba tutazungumza na wazee wa kanisa. Walikuja, tukakaa sakristia, na hakuna aliyesema neno la ukatili. Waliuliza tu: amebatizwa? Hajabatizwa. Mama yake yumo kundini? Bado. Basi, Mchungaji, kengele ni ya Wakristo. Mzee mmoja alisema tuangalie mfano tutakaouweka kwa mabinti wengine. Tungeweza kusema hapana. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa chetu. Tulikuwa wageni, tuliogopa kuonekana walegevu, tukasema sawa. Mwinjilisti akatumwa kupeleka salamu za rambirambi. Wajomba walichimba wenyewe migombani, nyuma ya nyumba, na kabla ya saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Wiki iliyofuata bibi alitukuta njiani, akasimama, akauliza swali moja: "Baba Mchungaji, mtoto alikosa nini?" Tukamweleza habari za utaratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake.

Miaka imepita, nasi sasa tunafundisha wale watakaokaa katika sakristia za namna ile. Kwa hiyo ni lazima tuulize kama wanafalsafa wanavyouliza, kabla hata ya kufungua katiba: mazishi ni kwa ajili ya nani?

Mtakatifu Augustino aliulizwa jambo linalofanana na hili na Askofu Paulino wa Nola, akamjibu kwa kijitabu kizima juu ya kuwatunza wafu. Kwa ufupi alifundisha kwamba taratibu za mazishi ni faraja kwa walio hai zaidi ya kuwa msaada kwa aliyekufa. Asiyezikwa hapotezi chochote mbele za Mungu. Wafia imani walitupwa kwa wanyama na wako salama. Lakini Augustino hakuishia hapo. Alisema mwili haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa umekuwa karibu na mtu kuliko vazi au pete ambayo mtoto huitunza kwa kumpenda baba yake.

Tukikubali fundisho hilo, marudi ya kaburini hayana pa kusimama. Marudi ni dawa. Yanakusudiwa kumrejesha mwenye dhambi, na kila kitabu cha taratibu zetu kinasema hivyo. Aliyekufa hatubu, na Mungu anayemhukumu hasubiri taarifa ya baraza la wazee. Basi tunapomnyima mtu mazishi, adhabu inamwangukia nani? Mtoto wa miezi minne hakusikia kimya cha kengele. Aliyekisikia ni mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kutubu, na bibi yake, ambaye tangu mwanzo hakuwa na kosa. Tulichukua dawa ya mgonjwa mmoja tukawanywesha watu wengine, tena kama sumu.

Zaidi ya hayo, sisi Walutheri tuna shahidi wa nyumbani, na ni aibu kwetu kwamba tulikuwa tumemsoma chuoni kabla ya siku ile. Mwaka 1542 Luther aliandika maneno machache ya kuwafariji wanawake ambao mimba zao ziliharibika au watoto wao walikufa kabla ya ubatizo. Hakuudharau ubatizo hata kidogo. Alichowaambia ni kwamba kuugua kwa moyo wa mama aliyetamani kumleta mtoto wake kwa Mungu ni sala, na Mungu huisikia. Akakumbusha watoto wa Israeli waliokufa kabla ya siku ya nane, siku ya tohara, akauliza ni nani awezaye kufikiri kwamba wamepotea. Sisi tulikuwa na mama aliyetamani kiasi cha kukubali kusimama mbele ya usharika mzima. Tungetaka sala gani tena?

Na Biblia yenyewe inamjua mtoto wa namna hii. Katika kitabu cha pili cha Samweli sura ya 12, Daudi anafunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa kwa dhambi yake na mke wa Uria. Mtoto anakufa siku ya saba, bila jina katika maandiko. Wafasiri wengine huhesabu siku hizo tangu ugonjwa ulipoanza, wengine tangu kuzaliwa, na wakihesabu hivyo huona kwamba alikufa siku moja kabla ya tohara. Vyovyote iwavyo, baba yake, mwenye dhambi aliyekemewa na nabii, anaingia nyumbani mwa Bwana na kuabudu, kisha anasema kwamba yeye atamwendea mtoto yule. Hakuna anayemzuia mlangoni. Sura chache mbele, katika sura ya 21, yupo Rispa, suria wa Sauli, ambaye wanawe walitundikwa kwa ajili ya kosa la baba yao. Alitandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mavuno mpaka mvua zilipoanza, kwa sababu serikali haikuona haja ya kuwazika. Habari zilipomfikia Daudi, alikwenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, akaizika, na mifupa ya waliotundikwa ikakusanywa pia. Mwanamke asiye na cheo alimfundisha mfalme wajibu wake, bila kufungua kinywa.

Tunajua watakavyojibu wazee wetu, na hatuwadharau, kwa maana wametunza makanisa haya wakati sisi wachungaji tunahamishwa kila baada ya miaka michache. Watasema: mkiwazika wote sawa, ubatizo utakuwa maji tu, na kijana atauliza ana haja gani ya kurudi kundini. Ni hoja nzito. Lakini Lothagam inatufanya tuichunguze upya. Kule kuwalaza watu pamoja hakukufuta tofauti zao, maana kila mmoja alikwenda na shanga zake, na mwenye vazi la meno ya panya alikwenda na vazi lake. Kanisa nalo laweza kumzika asiyebatizwa kwa maneno yasiyodai kwamba amebatizwa. Tunaweza kusema ukweli wote juu ya kaburi, ila kwanza tuwe tumefika kaburini. Na kuhusu kijana anayehitaji sababu ya kurudi kundini, tunashangaa ni kundi gani hilo ambalo hofu ya kukosa kengele ndiyo iliyobaki kuwa uzio wake. Wachunga mbuzi wa Turkana, wasio na katiba wala sinodi, walibeba mawe kilomita nzima kwa ajili ya wafu ambao wengi wao walikuwa watoto wa watu wengine.

Hatujasema lolote bado juu ya fedha. Kuna sharika ambako mwinjilisti huulizwa kwanza kama marehemu alimaliza ahadi yake, na bahasha huhesabiwa kabla jeneza halijanunuliwa. Kwa hilo hatuhitaji Augustino wala akiolojia. Ni haya tu inayokosekana.

Mwaka jana tulirudi katika usharika ule kwa shughuli nyingine, tukaomba kupelekwa nyumbani kwa bibi yule. Amekwisha kufariki, yeye alizikwa kwa kengele. Binti yake yupo, ameolewa, ana watoto wengine watatu, na ni mwanakwaya. Tulimwambia tumekuja kuomba radhi, na kama atapenda, kusoma ibada. Alinyamaza kwa muda mrefu akichambua maharage. Mwishoni alisema, "Ibada si lazima, Baba Mchungaji. Mama alikwisha kumwombea siku ile ile. Ila jina lake halimo katika kitabu chenu." Akatupeleka migombani, akatuonyesha mawe matatu ya mtoni, yamepangwa vizuri, moja kubwa na mawili madogo, na pembeni magugu yamepaliliwa.

Tulikwenda ofisini na mwinjilisti wa sasa, kijana, tukafungua kitabu cha mazishi. Akaandika tarehe, akaandika jina la mama, akaandika jina la mtoto tulilokuwa tumeambiwa. Alipofika kwenye safu ya namba ya ubatizo aliinua kalamu, akatutazama, akauliza aandike nini hapo. Tulimwambia aache wazi, aendelee na safu inayofuata.